Hesabu imetoa 0.8: je, mtoto yuko salama?

Swali: Tunaishi mita kama 300 kutoka mahali palipokuwa na karakana ya kuyeyusha betri za magari, iliyofungwa miaka minne iliyopita. Nilichimba shimo la sentimita 30 uani, nikachanganya udongo wake na kuupeleka maabara pamoja na maji ya kisima. Udongo una madini ya risasi miligramu 620 kwa kilo. Maji yana sumu ya arseniki mikrogramu 6 kwa lita, na kwenye risasi wameandika "chini ya 10". Nikatumia kanuni ya kukadiria hatari niliyoikuta kwenye makala ya utafiti, nikapata jumla ya 0.8. Makala inasema ikiwa chini ya 1 hakuna hatari. Nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili, mke wangu ana mimba ya miezi mitano, na kaka yangu tunayeishi naye angali anavunja betri kwingine. Je, tuko salama? Kama kuna cha kupima zaidi, nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, anzia kwenye damu. Mpeleke mtoto na mama yake wakapimwe risasi wiki hii, usingoje udongo upimwe tena. Ile 0.8 haimhusu mtoto wako hata kidogo, na hapa chini nitakuonyesha ni kwa nini.

Nimeirudia hesabu yako. Inatoa 0.8 pale tu ninapoweka mtu wa kilo 70 anayemeza miligramu 100 za udongo na kunywa lita 2 za maji kwa siku. Huyo ni wewe. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kiasi cha metali kwenye udongo, mara udongo unaomezwa, gawanya kwa uzito wa mwili, kisha linganisha na kiwango rejea, yaani dozi ya siku inayodhaniwa kuwa haidhuru. Kwa mtu mzima, 620 mara kilo 0.0001 ni miligramu 0.062, gawanya kwa 70, unapata miligramu 0.00089 kwa kilo ya mwili kwa siku. Sasa mweke mwanao. Mtoto wa miaka miwili ana kilo kama 12, na kwa umri huo hukadiriwa kumeza hadi miligramu 200 za udongo na vumbi kwa siku. 620 mara 0.0002 ni miligramu 0.124; gawanya kwa 12, unapata 0.0103. Hiyo ni karibu mara 12 ya dozi yako, kwa udongo ule ule, uani pale pale. Ukigawanya kwa kiwango rejea na kuongeza arseniki ya lita 0.75 za maji anazokunywa, jumla inapanda kutoka 0.8 hadi 4.2. Hata ukisema anameza nusu tu ya udongo huo, bado unapata 2.7.

Miligramu 200 si mtoto anayekula udongo kwa mikono miwili. Ziweke kwenye mizani: ni vumbi kavu unaloweza kulibana kwa ncha za vidole viwili. Mtoto anatambaa, anaokota mpira, anatia kidole kinywani, anaokota tena. Kufika jioni zimeshatimia.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo limezagaa hata kwenye makala zilizochapishwa. Kiwango rejea ulichotumia kwa risasi ni miligramu 0.0035 kwa kilo kwa siku. Kilitokana na kikomo cha mikrogramu 25 kwa kilo kwa wiki kilichowekwa zamani na kamati ya pamoja ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO). Mwaka 2010 kamati hiyo hiyo ilikiondoa, kwa sababu ilijiridhisha kwamba hakilindi afya tena. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani (EPA), ambalo takwimu zake hunukuliwa sana kwenye hesabu hizi, halijawahi kuweka kiwango cha namna hiyo kwa risasi. Hakijapatikana kiwango cha risasi ambacho ubongo wa mtoto unaweza kukipokea bila madhara. Kwa hiyo hata ile 4.2 niliyokupa isome kama ishara tu kwamba hesabu yako imeelemea upande usiofaa. Kwa risasi, swali halisi ni: udongo huu utapandisha damu ya mtoto hadi wapi? Jibu la uhakika linatoka kwenye damu yenyewe.

Tena, uwiano huu si asilimia. 0.8 haina maana ya uwezekano wa asilimia 80, wala 1.1 haina maana kwamba mtu ataugua. Unalinganisha dozi na kiwango rejea, basi. Na kiwango rejea kikiwa kibovu, uwiano wake ni mbovu pia.

Tuje kwenye udongo. Mwaka 2024 EPA ilishusha kiwango chake cha kuanzia uchunguzi katika makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo, kwa hiyo 620 yako ni zaidi ya mara tatu. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni lile shimo la sentimita 30. Risasi iliyotoka kwenye moshi na vumbi la karakana hutua juu na kubaki juu. Hushikamana na udongo na hushuka polepole mno, isipokuwa ardhi ikilimwa au kupinduliwa. Ulipochanganya udongo wa shimo zima ulilizimua tatizo. Kama risasi karibu yote iko kwenye sentimita 3 za juu, wastani wa 620 kwa sentimita 30 unaweza kuwa miligramu 6,000 pale juu, ambapo ndipo mkono wa mtoto unapogusa. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema sampuli yako haiwezi kutuambia.

Chukua sampuli upya namna hii. Igawe nyumba sehemu tatu au nne kwa matumizi: anapochezea mtoto, chini ya michirizi ya paa, njia ya kuingilia, na bustani kama ipo. Usizichanganye sehemu hizo. Katika kila moja chota vijiko vidogo 10 hadi 20 kutoka mahali tofauti, sentimita 2 za juu tu, baada ya kuondoa majani na mawe. Vichanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, si ya bati wala iliyopakwa rangi, kisha jaza mfuko mmoja. Futa kijiko kabla ya kuhamia sehemu nyingine. Iambie maabara iukaushe udongo na kuupitisha kwenye chekeche la mikromita 150. Chembe ndogo kuliko hapo ndizo zinazonata kwenye vidole, na mara nyingi ndizo zenye metali nyingi kwa uzito. Ukipima udongo wenye changarawe unapata namba ya kuvutia na isiyo na faida. Mfuko mmoja ugawe mara mbili na uupe majina tofauti bila kuiambia maabara. Majibu yakipishana kwa zaidi ya theluthi, ama hukuchanganya vizuri ama maabara ina tatizo, na ni heri ujue kabla ya kutumia namba hizo. Ongeza na vumbi la ndani, la sakafuni na kwenye kizingiti cha dirisha. Vumbi hilo mara nyingi humfikia mtoto kuliko udongo wa nje.

Wapimaji wakija na kifaa cha mkononi cha eksirei, kikubali kwa kutafuta madoa mabaya, kwa kuwa kinakupa namba mia moja kwa siku. Ila udongo uwe mkavu, maana maji hushusha usomaji. Na usikiamini kwa arseniki kwenye udongo wako. Mwale mkuu wa arseniki uko kwenye kiloelektronivolti 10.54 (kipimo cha nishati ya mwale) na mmoja wa miale mikuu ya risasi uko 10.55, kwa hiyo risasi ikiwa nyingi, arseniki humezwa chini yake. Arseniki ya udongo huo ipimwe maabara kwa kuyeyushwa kwenye asidi.

Sasa kaka yako. Huyu hayumo kabisa kwenye hesabu yako, na inawezekana ndiye chanzo kikubwa kuliko udongo wote wa uani. Nasema hivyo bila kumlaumu, kwani yeye mwenyewe ndiye anayeumia kwanza. Vumbi la sahani za betri ni risasi tupu na misombo yake, laini kama unga. Linakaa kwenye nywele, kwenye pindo za suruali, kwenye kamba za viatu, kwenye kiti anachokalia akirudi. Mtoto akimkimbilia kumpokea, analipata moja kwa moja. Abadilishe nguo na viatu kazini na kuoga huko huko. Isipowezekana, avue nje, nguo ziingie kwenye mfuko wake na zifuliwe peke yake, aoge na nywele kabla ya kumgusa mtoto. Naye apimwe damu. Yake ikiwa juu sana na ya mtoto iko katikati, umeshapata mwelekeo.

Maji. "Chini ya 10" si jibu. Maana yake ni kwamba maabara ilitumia njia isiyoona chochote chini ya mikrogramu 10 kwa lita, na 10 ndiyo kikomo cha WHO kwa risasi, tena cha muda tu, yaani cha kushikilia kwa sasa. Yaweza kuwa 0.5, yaweza kuwa 9.5. Kabla ya kulipa popote, uliza kikomo cha chini wanachoweza kuona. Kiwe mikrogramu 1 au pungufu. Wenye mashine ya plazma inayotenganisha ioni kwa uzito (ICP-MS) wanafika hapo bila shida. Chukua chupa mbili za lita moja kutoka maabara yenyewe. Ya kwanza ijazwe alfajiri, bomba likiwa halijafunguliwa kwa saa 6 au zaidi. Usimwage hata tone kabla. Ya pili ijazwe baada ya maji kukimbia dakika tano. Ya kwanza ikiwa na risasi nyingi na ya pili kidogo, tatizo ni mabomba, koki za shaba au viungio vya kuchomelea. Zote mbili zikilingana, tazama kisima. Ikiwa chupa ina matone ya asidi ya nitriki ndani, usiisuuze. Asidi hiyo ndiyo inayozuia metali kunata kwenye kuta za chupa na kupotea.

Arseniki mikrogramu 6 iko chini ya kikomo cha WHO cha 10, na wengi wangeishia hapo. Lakini hiyo 10 ni ya muda kwa sababu ya ugumu wa kuiondoa arseniki kwenye maji, si kwa sababu chini yake hakuna madhara. Kiwango rejea ulichotumia, miligramu 0.0003, nacho ni cha zamani. Januari 2025 EPA ilikishusha hadi 0.00006, yaani mara tano. Na hata kwa kipimo cha zamani cha saratani, mtu mzima anayekunywa lita 2 za maji hayo maisha yake yote anaongezewa hatari ya takriban watu 2.6 kati ya 10,000, juu ya mtu 1 kati ya 10,000 ambayo wasimamizi wengi huiona kama mpaka wa juu. Si dharura ya leo, ila kama kuna maji mengine yaliyopimwa, mtoto na mama wapewe hayo. Tafadhali usichemshe maji ukidhani unaondoa metali. Mvuke ndio unaoondoka, metali inabaki, na maji yaliyosalia yanakuwa makali zaidi. Klorini nayo haiondoi risasi wala arseniki.

Nirudi kwenye damu, kwani ndiyo itakayoongoza yote. Omba damu ya mshipa, kwenye mrija uliothibitishwa kuwa hauna metali. Kama kuna kipimo cha kuchoma kidole tu, kifanyike, lakini mkono uoshwe kwa sabuni na maji mengi, ukauke bila kugusa nguo, na tone la kwanza lifutwe. Spiriti peke yake haitoshi: inaua vijidudu, haiondoi vumbi la risasi. Chembe moja ya uani kwako ikiwa juu ya kidole, itasomeka kama sumu iliyo ndani ya damu. Kipimo cha kidole kikiwa juu, kirudiwe kwa mshipa kabla ya uamuzi mkubwa.

Majibu yakija, tazama kwanza vizio, maana mikrogramu kwa desilita na mikrogramu kwa lita hutofautiana mara kumi, na watu wameshaogopa bure au kutulia bure kwa sababu hiyo. Nchini Marekani, kituo cha kudhibiti magonjwa (CDC) hutumia mikrogramu 3.5 kwa desilita tangu 2021 kutambua watoto walio na risasi nyingi kuliko wenzao. WHO inasema kuanzia 5 chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe. Kuanzia 45, mtoto anahitaji dawa za kuondoa risasi mwilini, chini ya daktari. Mtoto mwenye 15 anaweza kucheza, kula na kulala vizuri bila dalili yoyote, na huko ndiko ninakotaka usidanganyike. Ukingoja dalili, umechelewa.

Mama naye asiachwe nyuma. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi cha maana. Tena mifupa huitunza kwa miaka mingi, na wakati wa mimba mwili unapovuta kalisi kwenye mifupa, risasi ya zamani hutoka nayo. Kama aliishi hapo karakana ikifanya kazi, damu yake inaweza kupanda sasa hata kama leo hakuna moshi. Mkunga au daktari wake aambiwe wazi, na aangalie kalisi na madini ya chuma. Mwili wenye upungufu wa hivyo viwili hufyonza risasi zaidi. Mtoto pia apimwe wekundu wa damu (hemoglobini), kwani mtoto hufyonza hadi nusu ya risasi anayomeza ilhali mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi, na upungufu wa chuma huzidisha hilo.

Kuna vipimo viwili utakavyouziwa na ninakusihi uvikatae. Cha kwanza ni mkojo unaokusanywa baada ya kunyweshwa dawa ya kuvuta metali. Dawa hiyo humfanya karibu kila mtu atoe metali nyingi kuliko kawaida, halafu jibu hulinganishwa na watu ambao hawakunywa dawa. Lazima uonekane umejaa sumu. Cha pili ni unywele mmoja kupimwa metali thelathini. Nywele zina kazi kwa zebaki ya kwenye samaki, na hukua karibu sentimita moja kwa mwezi hivi kwamba unaweza kuona miezi iliyopita. Kwa risasi, vumbi la nje hunata juu yake na huwezi kulitofautisha.

Arseniki mwilini hupimwa kwenye mkojo, si damu, kwa kuwa huondoka kwenye damu haraka na kwenye mkojo baada ya siku chache. Anayepimwa asile samaki wala viumbe vya baharini kwa siku nne kabla, au maabara itenganishe aina za arseniki. Iliyo nyingi kwenye samaki haina madhara na itakutisha bure. Kwa maji yenye 6 si lazima upime, ila udongo ukionyesha arseniki nyingi.

Wakati unangoja majibu, fanya yanayopunguza vumbi. Anapochezea mtoto pafunikwe kwa nyasi nene, zege, au udongo safi uliopimwa wa angalau sentimita 15 juu ya turubai, ili atakayechimba baadaye ajue amefika mpakani. Viatu vibaki mlangoni. Sakafu ipigwe deki kwa maji. Ufagio mkavu hurusha vumbi hewani, na laini zaidi ndilo linalotua mwisho, kwenye godoro na vyombo. Mikono ya mtoto ioshwe kabla ya kula na kabla ya kulala, na vitu anavyotia mdomoni vioshwe. Msikwangue udongo wa juu nyinyi wenyewe na kuurundika pembeni.

Usikubali mtoto aanzishiwe dawa kisha arudishwe kwenye vumbi lile lile. Kaskazini mwa Nigeria mwaka 2010, ambako mamia ya watoto walikufa kwa risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani, ilibidi makazi yasafishwe kwanza ndipo matibabu yafae. Dawa huitoa risasi kwenye damu, uani unairudisha.

Kipimo cha marudio kifuate namba ya kwanza: ikiwa kati ya mikrogramu 3.5 na 9 kwa desilita, baada ya miezi mitatu. Kati ya 10 na 19, baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kati ya 20 na 44, baada ya wiki mbili hadi mwezi. Risasi ya kwenye damu hupungua kwa nusu kwa takriban siku 30 kama hakuna mpya inayoingia, ingawa mifupa hurudisha kidogo kidogo na kuchelewesha. Isipoteremka kabisa baada ya miezi mitatu, chanzo hujakigusa: rudi kwenye nguo za kaka, vumbi la dirishani na ile chupa ya alfajiri, kwa mpangilio huo.